Mtoto Analia Kwenye Basi la Songea, Watu Wanatoa Simu: Hivi Anayesumbua Hasa ni Nani?

Desemba ikikaribia kuna video ya aina moja ambayo haikosekani mitandaoni. Basi la mkoani, jua la saa nane mchana, mama amempakata mtoto anayelia mpaka sauti imekauka, na mwenye simu anasikika pembeni akicheka: "Tangu Chalinze huyu! Tangu Chalinze!" Chini yake emoji za kucheka zimejipanga kama siafu, halafu mabingwa wa malezi wasio na hata mtoto wa kusingiziwa wanaanza kutoa darasa.

Safari hii aliyeanikwa ni sura inayojulikana kidogo mjini. Jina libaki pembeni, lakini wanaomfuata Insta wanamjua kwa mapishi na kwa zile picha za ujauzito alizopiga ufukweni na gauni jeupe. Ni binti wa Lizaboni, Songea, anaishi Dar, na alikuwa anampeleka mwanae wa kwanza nyumbani kwa mara ya kwanza akaonwe na bibi yake. Mtoto ndio kwanza katoka arobaini. Basi limeondoka Mbezi alfajiri, na mpaka linaingia Mikumi mtoto kalia, kanyamaza, kalia tena. Kuna abiria kamwambia dada yake wa watu amtulize mtoto watu walale. Kuna mwingine kawasha kamera. Kufika jioni, dada wa watu yuko kwenye kurasa za udaku na kichwa cha habari kwamba "ameshindwa malezi".

Ameshindwa malezi kwa sababu mtoto wa wiki sita amelia. Haya.

Komenti zilizopata laiki nyingi kwenye video za namna hii huwa mbili, na zote mbili zinahitaji kujibiwa taratibu. Ya kwanza ni "si angepanda ndege staa mzima?" Ya pili, na hiyo ndiyo inayotisha, ni "si angempa Piriton akalala zake".

Ya ndege haihitaji maneno mengi. Ni kweli Songea kuna uwanja na Air Tanzania inatua. Lakini watu wa mjini wanajua kuwa wafuasi laki moja hawalipi nauli ya baba, mama, dada wa kazi na mabegi manne ya zawadi za ukoo mzima. Na hata kwenye ndege watoto wanalia, tena wakati mwingine zaidi, kwa sababu masikio yanaziba inapopanda na inaposhuka, na mtoto hajui kumeza mate makusudi kama mtu mzima. Wajapani wenyewe, na utulivu wao wote, mambo yamewashinda mpaka mwaka 2019 Japan Airlines ikaanza kuonyesha kwenye ramani ya siti za mtandaoni ni wapi amekatiwa mtoto wa chini ya miaka miwili, ili anayetaka kukaa mbali akae mbali. Wengine wakashangilia, wengine wakauliza hii dunia inaelekea wapi. Kwenye basi la Songea hata ikiwekwa ramani hiyo haisaidii kitu. Ni chumba kimoja kirefu, na sauti inafika kwa dereva.

Kinachosahaulika ni ile barabara yenyewe. Dar mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 900. Basi linaruhusiwa mwendo wa 80 kwa saa na lina kifaa cha LATRA kinachomchongea dereva akizidisha, kwa hiyo hata lisiposimama popote, hizo ni saa kumi na moja na zaidi. Weka vituo, mizani, matrafiki, matuta ya Mikumi na malori ya Kitonga, mtu anashuka Songea usiku wa manane. Mtu mzima mwenye simu, soda na karanga anafika amevimba miguu na hataki kusemeshwa. Mtoto naye yumo humohumo, hana siti yake, anapakatwa tu, jasho la mama na lake limekuwa kitu kimoja.

Halafu ni barabara inayobadilisha hali ya hewa kama mtu anayebadilisha chaneli. Asubuhi Dar ni joto la kukamua, na mtoto kavalishwa sweta, soksi, kofia na blanketi juu kwa sababu shangazi kasema "safari ina upepo". Mpaka Morogoro keshachemka. Hapo analia kwa joto, na watu wanadhani ana njaa, anapewa ziwa, analikataa, wanasema ana tumbo. Kabla ya mji wa Mikumi basi linakatiza hifadhi kama kilomita 50 na hakuna kusimama kuchimba dawa humo, mwenye haja avumilie, na pampasi iliyojaa ivumilie pia. Baada ya Ruaha Mbuyuni ndio Kitonga. Basi linapanda mlima likizunguka kona kwa kona nyuma ya lori la mzigo, masikio ya kila mtu yanaziba, watu wazima wanapiga miayo yanazibuka. Mtoto anachojua ni kwamba kuna kitu kinamuuma kichwani na hawezi kukitaja. Kunyonya kunasaidia sana hapo, iwe ziwa au chupa, maana kumeza ndiko kunakozibua masikio. Mama anayeijua barabara hii anaacha kumlazimisha mtoto kunyonya kule Mbuyuni ili awe na hamu mlima unapoanza. Lakini nani alimfundisha huyu binti wa gauni jeupe? Kwenye zile kurasa za "safari na mtoto" wanafundisha kupanga begi lenye rangi zinazofanana.

Likishapita Iringa jua linazama, na kufika Makambako na Njombe, huko juu karibu na mita 2,000, ni baridi ya kuingia mifupani hata Desemba. Lile sweta lililovuliwa Morogoro kwa sababu ya joto sasa liko ndani ya buti chini ya magunia ya watu. Mtoto analia tena, sasa hivi kwa baridi. Kwa ufupi, ndani ya siku moja ana sababu tano tofauti za kulia, na kila moja ina dawa yake. Ndani ya basi zote zinapewa jina moja: usumbufu.

Na hiyo arobaini nayo. Madaktari wa watoto wanajua kwa miaka mingi kwamba kilio cha mtoto mchanga hupanda wiki hadi wiki, kinafika kileleni kwenye wiki ya sita hivi, halafu kinaanza kushuka mpaka miezi mitatu, minne. Hata mtoto mwenye afya, aliyeshiba, mkavu, analia tu, hasa jioni. Sasa siku arobaini ni wiki ngapi? Karibu sita. Yaani mila inamfungulia mama mlango wa kutoka nje wakati uleule ambao mtoto anafikia kilele cha kulia, na familia inamkatia tiketi ya saa kumi na sita. Hakuna aliyekosea hapo. Bibi anataka kumwona mjukuu, na likizo ya baba ni hiyohiyo ya Krismasi. Ila wanaoweza kusubiri mpaka mtoto afikishe miezi minne wakasafiri Pasaka, wangejipunguzia kilio kikubwa bila kulipa hata shilingi.

Sasa turudi kwenye Piriton, maana hapo ndipo mzaha unapogeuka.

Ni siri ya wazi. Nenda stendi yoyote kubwa jioni ya kuamkia safari, utamkuta mama mwenye uzoefu akimnong'oneza mwenye mtoto mchanga: "Mwanangu, mpe kijiko kimoja kile cha mafua, mtafika hajaamka." Duka la dawa liko palepale, chupa haina gharama, hakuna anayeuliza mtoto ana umri gani. Anayenong'oneza ana huruma kabisa. Amewahi kutazamwa vibaya na basi zima, hataki binti wa watu ayapitie. Na komenti zile za mitandaoni zinafanya kazi hiyohiyo ya kunong'oneza, tofauti ni kwamba zinawafikia akina mama maelfu kwa usiku mmoja.

Dawa hizo za mafua na mzio za kizamani zinaleta usingizi kama athari ya pembeni. Hazikutengenezwa kumlaza mtoto. Uingereza, maelekezo ya Piriton ya maji yanasema asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Ile ndugu yake yenye nguvu zaidi, promethazine, ambayo wengi wanaifahamu kama Phenergan, Marekani iliwekewa onyo kali kabisa mwaka 2004 kwamba isipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu wapo watoto walioacha kupumua na wengine walikufa. Na kuna watoto ambao dawa hizi zinawafanyia kinyume, hawalali, wanachachamaa kuliko mwanzo. Mama anaona haijafanya kazi, anaongeza kijiko cha pili.

Fikiria hilo linatokea wapi. Kati ya Njombe na Songea, usiku, kilomita zaidi ya 200 za kona na misitu, taa za ndani zimezimwa. Mtoto amenyamaza hatimaye, basi zima linashukuru Mungu. Nani ataangalia kama anapumua sawasawa? Mama mwenyewe hajalala tangu jana, na utulivu huo ndio aliokuwa anaombewa na kila mtu. Mtoto anayelia kwa nguvu kwenye siti namba 34, hata kama anakera namna gani, kila abiria anajua kuwa yuko hai.

Ndiyo maana "mtulize mtoto watu walale" ina uzito kuliko anavyodhani anayeisema. Anayesema hana nia mbaya. Pengine ni kijana ametoka kazini zamu ya usiku, au ni mzee anayewahi mazishi, au mtu anamsindikiza mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Peramiho, na yeye pia ana haki yake ya kuchoka. Kelele ya mtoto inachosha kweli, hakuna haja ya kujifanya malaika. Lakini spika ya basi iliyo juu ya kichwa chake imepiga Bongo Fleva na muvi za mapanga tangu Kibaha, na hakuna aliyemwambia konda azime watu walale. Konda anaogopwa. Mama mwenye mtoto haogopwi na mtu.

Kuna na huyu mwingine ambaye video nyingi zinamkwepa: baba. Kwenye ile video ya binti wa Lizaboni, wenye macho makali waligundua kwamba siti mbili nyuma kuna kijana kofia imefunika uso, hedifoni kubwa masikioni, anatikisa kichwa taratibu. Ndiye mumewe. Ndiye yuleyule ambaye siku mtoto anazaliwa aliposti mguu mdogo umeshikwa na mkono mkubwa na maneno marefu ya "baba bora". Alikata siti ya nyuma kwa sababu, kwa maelezo ya marafiki zake, "pale mbele kuna makelele". Cha ajabu, kwenye komenti mia kadhaa za kumsema mama, za kumsema yeye zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mastaa wa kiume wa bongo wana bahati hiyo. Akimbeba mtoto dakika tatu mbele ya kamera anaitwa mfano wa kuigwa. Mama akimbeba saa kumi na sita anaitwa mzembe kwa ile dakika moja na nusu aliyorekodiwa.

Na kazi ya baba kwenye basi hilo ipo, tena inajulikana. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walichunguza watoto wachanga wanaolia na mama zao, wakaona kwamba kumbeba mtoto na kutembea naye dakika tano mfululizo kunamtuliza vizuri kuliko kukaa naye umempakata, na karibu nusu yao walipitiwa na usingizi hapohapo. Baada ya hapo mbebaji akae naye kimya dakika tano hadi nane kabla ya kumlaza, vinginevyo anashtuka. Bibi yeyote wa Songea akisomewa utafiti huo atauliza kama Wajapani wamelipwa kwa hilo, maana mbeleko ilikuwepo kabla ya taasisi. Lakini ona maana yake kwa msafiri: mtoto anatulizwa na kutembea, na basi ni mahali ambapo hakuna kutembea. Njia ya katikati imejaa mabegi, na kusimama gari likiwa kwenye mwendo na mtoto mkononi ni hatari tupu. Zinabaki zile dakika za vituo. Msamvu. Kwenye chakula. Ipogolo. Makambako. Hapo mwenye hedifoni angeshuka, akamchukua mwanae begani na kuzunguka lile basi mara kadhaa wakati mama anakula akiwa ameshika chakula kwa mikono miwili kama binadamu wengine.

Makonda nao wana sehemu yao. Ile "dakika kumi tu jamani, kumi tu!" kwenye hoteli ya njiani, foleni ya chipsi peke yake ni dakika kumi na tano, choo ni kingine. Mama anachagua kati ya kula, kwenda haja na kubadilisha nepi. Hapati vyote vitatu. Konda akijua ana vichanga wawili ndani ya gari, dakika tano za ziada hazimpotezei kituo, na kumhamisha mama kutoka siti za nyuma kabisa, ambako injini inachoma na kila tuta linarusha watu, hakuhitaji ruhusa ya tajiri. Wapo makonda wanaofanya hivyo bila kuombwa. Wanasema tu, "Mama kichanga, njoo huku mbele," wanahamisha kijana mmoja, yameisha.

Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku tena, wengi wanaamini jibu ni kuondoka jioni ili mtoto alale njia nzima. Kwa baadhi inafanya kazi: Morogoro inapitwa bila joto na mtoto anafuata saa zake. Lakini Makambako inafikwa alfajiri, saa ya baridi kuliko zote, na akiamua kuamka saa tisa usiku, anaamsha watu ambao kweli walikuwa wamelala, na macho yao ni makali zaidi. Wenye uwezo kidogo wanaikata safari. Wanalala Iringa kwa ndugu au gesti ya kawaida, mtoto anaogeshwa, anajinyoosha kitandani, kesho wanamalizia. Inaongeza gharama ya usiku mmoja. Familia zinazoendelea mpaka Mbinga na Mbamba Bay kula samaki wa Ziwa Nyasa zingefanya vizuri kulala Songea badala ya kuunganisha usiku huohuo na Kosta iliyojaa.

Kuhusu kurekodi, watu waelewe kwamba ile simu haiko nje ya sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Sura ya mtoto wa mtu inayolia, namba ya basi na mahali lilipo, vinarushwa kwa watu laki mbili kwa sababu ya laiki. Mwenye ukurasa wa udaku aliyeipachika video ile na kuweka nembo yake juu hakumwomba mtu yeyote ruhusa, na mtoto ndiye atakayeikuta siku akijifunza kusoma.

Kwenye video nzima ya dakika moja na nusu kuna sekunde chache ambazo wengi walizipita. Mama mmoja wa makamo, kitenge kichwani, anageuka kutoka siti ya mbele na kunyoosha mikono: "Lete huyo mjukuu wangu, wewe kunywa maji kwanza." Binti anasita. Ana haki ya kusita, zama hizi mtoto hapewi mtu tu, na hakuna wa kumlaumu angekataa. Yule mama anaelewa, haondoki na mtoto, anahamia siti ya pembeni na kumshika palepale mbele ya macho ya mama yake, anamlegeza kofia, anamvua soksi, anampepea na ncha ya kitenge. Mtoto anaendelea kulia. Hakunyamaza kimuujiza. Lakini binti anafungua chupa ya maji, anakunywa karibu yote kwa mkupuo mmoja, anafuta uso, na hapo ndipo mwenye simu akaona hakuna tena cha kuchekesha, akazima.

Katikati ya Januari mabasi hayohayo yanarudi Dar yakiwa na magunia ya mchele na madumu ya asali, na vichanga vilevile vikiwa vimeongeza wiki nne.